Theremini ya Moog Etherwave: soma hapa kabla hujatoa hela

Haya wadau, wale mnaonijia inbox kuuliza kuhusu kile kidude changu cha mbao chenye antena mbili, kinachopigwa bila kuguswa, leo naandika yote hapa nisiwe narudia rudia. Inaitwa theremini, hii yangu ni Etherwave ya kampuni ya Moog ya Marekani, modeli iliyoanza kutoka 1996, nimeichukua ikiwa imeshatumika na naipenda kinoma, ila sio kila mtu nitamshauri anunue, na wengi wenu mnaoulizia naona mnachokitaka sio hiki kabisa.

Mtu akisema anataka theremini, muulize kaisikia wapi. Wengi watakwambia Good Vibrations ya Beach Boys, ya 1966, ule mlio wa kwenye kiitikio unaopanda na kushuka bila kukatika. Sasa ile sio theremini bana! Ule ni mtambo wa Paul Tanner, mpiga tromboni aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Glenn Miller, aliuunda na mwenzake Bob Whitsell, una mpini unaousogeza kwa mkono huku unaangalia alama za noti ziko wapi, yaani mkono umeshika kitu na macho yanasaidia. Tena Beach Boys walipoanza kuupiga wimbo jukwaani huo mtambo hawakuutumia, Bob Moog aliwatengenezea utepe wa kupitishia kidole. Kwa hiyo kama kiu yako ni mlio ule, kinanda chochote chenye portamento (noti kuteleza kutoka moja hadi nyingine) kitakutosha, chagua sauti laini isiyo na makeke, ongeza mtetemo kidogo, umemaliza, hela iliyobaki kanunue spika.

Wa rock nao watakuja na Jimmy Page wa Led Zeppelin, pale katikati ya Whole Lotta Love ya 1969. Ile ni theremini kweli, ila ya antena moja tu, ya noti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti haina, na Page hapo wala hapigi melodi, anaitupia mkono inapiga yowe, inapita kwenye mwangwi, basi. Sikebehi, nayapenda sana yale makelele. Ila ndivyo muziki wa pop ulivyoitumia hii kitu kwa miaka mingi, inaingia sekunde kadhaa kutisha au kushangaza watu halafu inatoka, na tabia hiyo ilitoka kwenye filamu, maana Hollywood ya miaka ya 1940 na 50 ukitaka mtu aliyechanganyikiwa akili au kiumbe kutoka sayari nyingine unamwita Samuel Hoffman, ambaye kazi yake nyingine alikuwa daktari wa miguu (sitanii), na huyo huyo mwaka 1967 yumo kwenye wimbo wa Electricity wa Captain Beefheart.

Aliyeivumbua, Lev Termen, Mrusi mwanafizikia, hakuwa na mpango wa kutisha mtu. Mwaka 1920 huko Petrograd alikuwa anahangaika na kifaa cha kupimia gesi akagundua mkono wake ukisogea mlio unabadilika, na kwa vile alikuwa pia mpiga selo, ile fidla kubwa, akaanza kupiga nyimbo. Ndani kuna mitambo miwili inayotetema kwa masafa ya redio ambayo sikio halisikii, mmoja masafa yake hayabadiliki, mwingine unavurugwa na mkono wako ukiwa karibu na antena, na tofauti ya hiyo miwili ndio mlio unaosikia. Kampuni ya RCA ya Marekani ikaileta sokoni 1929, wakatengeneza kama 500 hivi, na uchumi ukaporomoka mwaka huo huo. Ila hata bila hivyo nadhani ingewashinda wengi, maana ilitangazwa kama kitu rahisi ambacho yeyote anapiga. Thubutu.

Niwaambie ilivyo. Unaiwasha, unaiacha kidogo ipate moto maana ikiwa baridi noti zinahama zenyewe. Unasimama pale pale utakaposimama wakati wa kupiga, sio pembeni, kwa sababu mwili wako wote ni sehemu ya saketi. Mkono wa kulia unauweka karibu na bega, unazungusha kitufe cha Pitch taratibu, mlio unashuka, unakuwa mngurumo, unakuwa tiki tiki tiki, unakata. Hapo ndipo sifuri yako. Sasa nyoosha mkono kwenda kwenye antena iliyosimama, noti inapanda, na hakuna alama yoyote hewani, ukikosea hata upana wa kucha kila mtu anasikia. Mkono wa kushoto uko juu ya antena ya pili, ile ya umbo la kitanzi, ukiushusha sauti inazima, ukiuinua inatoka, na huu ndio mkono watu wanaoudharau wakati ndio unaotenganisha noti, bila huo wimbo mzima unateleza tu.

Kilichonisaidia ni mtindo wa Clara Rockmore, ambaye alikuwa mpiga fidla kabla hajahamia huku. Vidole vimekunjwa karibu na antena unapata noti ya chini, unafungua kidogo unapata inayofuata, unavinyoosha vyote unafika juu, kiwiko hakisogei. Noti zinakaa ndani ya kiganja badala ya kuzitafuta chumba kizima. Tafuteni video zake, hapo mwili wake umetulia kabisa, kwa sababu mwili ukisogea noti nayo inasogea.

Na ndio maana nyumbani ni vita. Mtu akipita nyuma yangu wimbo unapanda, shemeji akija kucheza mbele yake ndio usiseme. Feni ya chuma iweke mbali, na joto hili mnalijua wenyewe. Kingine muhimu kwa sisi wa huku, angalia waya wa ethi, soketi au ampu isiyo na ethi ya kweli noti zinakuwa hazitulii, mwite fundi umeme apime kabla hujaanza kulalamika eti mashine mbovu. Na haina spika, kwa hiyo bajeti yako iwe na ampu na stendi ya maiki ya kuisimamishia.

Mlio wenyewe nimeukubali. Ina vitufe vinne tu, Pitch, Volume, Waveform na Brightness, hiyo miwili ya mwisho inakupeleka kutoka sauti ya mtu anayeimba mdomo umefumba hadi ukali wa selo, na ina oktavo tano, chini kule ni patamu kuliko juu ambako pop imepang'ang'ania.

Nani anunue? Wapiga kinanda wenzangu mtateseka, tumezoea noti inakungoja mahali pake. Waimbaji na wapiga fidla wa taarabu ndio ningewasukuma dukani leo, sikio wanalo tayari, na zile noti za maqamu (ngazi za muziki wa Kiarabu) zinazokaa katikati ya funguo za kinanda hapa zipo zote bila kubadilisha kitu. Mimi naipa nne kwa tano. Ukipata iliyotumika, mwombe muuzaji aipige mbele yako nyimbo nzima sio milio ya mizimu, akishindwa basi angalau hakikisha ile tiki tiki inafika na kukata, antena zote mbili na nati zake zipo, na adapta yake ni ya umeme wa volti 230, sio ya 120 ya Marekani.