Friji la karavani: kabla hujalipa, omba kuuona mgongo wake

Maziwa yaliharibika siku ya pili. Nyama niliitupa siku ya tatu, na kufikia siku ya nne friji langu la gesi na umeme lilikuwa kabati la vikombe. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba linagandisha hata jangwani. Nilipompigia simu akaniuliza kama nimesoma kijitabu cha maelekezo. Nilikisoma, tena mara mbili. Asiyekisoma ni yeye, na ndiye aliyelifunga kwenye karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari.

Kwa hiyo hapa sitakuambia uchukue lita ngapi, wala kama mlango upendeze kwa rangi nyeusi au ya fedha. Pima nafasi uliyonayo, hesabu midomo, utajua mwenyewe. Mimi nina neno moja tu: mgongo.

Friji la aina hii halina kompresa, ile pampu ya umeme ya friji la nyumbani. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni, na kinachoviendesha ni moto: mwali wa gesi au hita ya umeme. Amonia huchemshwa ikaachana na maji, ikapanda, ikapoa kwenye mapezi ya nyuma, yale mabati membamba ya kutolea joto, na kuwa kimiminika, kisha ikateremka kwenda kuvukia na kufyonza joto la ndani. Baltzar von Platen na Carl Munters walilibuni mwaka 1922 wakiwa wanafunzi kule Stockholm, na mtindo ni uleule hadi leo. Hakuna pampu wala injini. Joto lisipopata pa kutokea kule nyuma, usitegemee baridi huku mbele.

Langu lilikuwa na tundu la hewa chini na jingine juu, ukilitazama kwa nje huna la kusema. Nilipokibandua kifuniko cha juu na kumulika tochi, ndipo nikaona: kati ya mapezi na ukuta wa karavani palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi nzima. Hewa ilikuwa ikiingia chini, ikipanda zake kandokando ya ukuta na kutoka juu bila kuyagusa mapezi. Joto lenyewe limejikusanya juu ya friji, kwenye uwazi uliofichwa na ubao wa kabati. Niliingiza mkono nikauchomoa mara moja. Dawa yake ilikuwa kipande cha bati kilichokunjwa ili kuisukumia hewa kwenye mapezi, na ubao wa kuuziba ule uwazi wa juu. Kesho yake kipimajoto kilichokuwa kikisoma nyuzi 14 kikasoma 5. Friji ni lilelile, gesi ni ileile.

Basi kabla ya kutoa hela, omba vifuniko vya nje vifunguliwe. Mwanya wa nyuma usizidi takriban sentimita 2 na nusu. Tundu la chini liwe usawa wa sakafu ya friji au chini yake, la juu liwe juu ya mapezi. Muuzaji akianza kuguna kwamba bisibisi haipo, muage kwa heri.

Tazama pia kibandiko cha ndani chenye herufi za hali ya hewa. N na SN zimekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST hufika 38, T hufika 43. Herufi hizo zina maana kubwa kuliko maneno yote ya dukani, na sijawahi kukutana na muuzaji aliyezitaja.

Sasa chaguo zenyewe. Namba moja kwangu ni Dometic ya njia tatu inayojichagulia chanzo: ukichomeka umeme wa kambini inatumia huo, injini ikiwaka inahamia volti 12, vyote vikikosekana inawasha gesi. Napendelea, sifichi. Ukoo wake unatoka kwa Electrolux ya Uswidi, walioanza kuuza mafriji haya miaka ya 1920, na vijitabu vyao vina michoro ya matundu ya hewa ambayo hata mimi nisiye fundi naielewa. Thetford, kampuni nyingine ya mafriji haya, inafuata kwa karibu sana. Ukiikuta imefungwa vizuri kuliko Dometic iliyofungwa ovyo, chukua Thetford.

Namba mbili ni njia tatu ya kuzungusha swichi kwa mkono. Inapooza sawasawa na ile ya kwanza, ila inataka mtu asiye msahaulifu. Kwenye volti 12 friji la namna hii hunyonya ampea 10 hadi 15 bila kupumzika. Egesha, sahau swichi, lala: asubuhi betri imekufa. Volti 12 ni ya kutunza baridi ukiwa barabarani, basi. Nashangaa bado wanaiuza kama vile ni chanzo kamili.

Namba tatu ni la kompresa la volti 12. Najua wengi wataliweka juu, na kama una paneli za sola za kutosha na unahama kila siku, wana haki. Halijali sana mteremko, joto halilisumbui kama haya ya gesi, na linapooza haraka. Lakini mimi hukaa mahali pamoja wiki nzima chini ya mti, na kivuli hakichaji betri. Mtungi mmoja wa gesi unanitosha siku nyingi, tena kimya kabisa usiku.

Yale masanduku ya baridi ya bei rahisi ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari hupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi kulinganisha na nje. Yanafaa kwa soda za njiani.

Ukishanunua, egesha pakiwa sawa. Weka pimamaji ndani ya friji lenyewe. Mengi ya kisasa huvumilia nyuzi 3 za mteremko upande kwa upande na 6 mbele na nyuma. Likiinama zaidi likiwa linafanya kazi, kimiminika hukwama, chemba ya moto hukauka na kupata joto kupita kiasi, na mabomba yakiziba hakuna wa kuyazibua. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na kuna masizi, mara nyingi buibui amejenga kwenye bomba la kichomeo cha gesi, wanapenda sana humo. Nozeli, kile kitundu cha kutolea gesi, isichokonolewe kwa waya, itapanuka. Iloweke kwenye spiriti au mpe fundi. Ukinusa amonia au ukaona unga wa njano nyuma, zima na usiuguse, una sumu. Zima gesi kabla ya kuingia kituo cha mafuta, na kengele ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, ndani ya karavani si ya kujadili.

Na hawa wauzaji wa vilivyotumika! Unafika, mlango unafunguliwa, taa ya ndani inawaka, unaambiwa "si unaona linafanya kazi?" Taa ni taa. Wakibanwa wanachomeka umeme, kwa sababu hita ya umeme ndiyo huchelewa kuleta aibu. Friji hili huhitaji saa nyingi kupoa, kwa hiyo piga simu siku moja kabla, sema liwashwe kwa gesi usiku kucha, na uende na kipimajoto chako. Wa mwisho niliyemwambia hivyo alijibu kwamba gesi imeisha. Nikamwambia nina mtungi kwenye gari, namletea. Hakupokea simu tena.