Baraza la mbao Tanga: lipi nafuu baada ya miaka 20?

Ukijenga baraza la mbao Raskazone, pwani ya Tanga, bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Yanayofuata huletwa na chumvi, mchwa na masika. La kwangu la kwanza nilipigilia misumari ya kawaida. Masika ya pili hayajaisha, kila kichwa cha msumari kilishatiririsha mstari wa kutu na mbao zinachezacheza ukikanyaga. Mbao zenyewe zilikuwa nzima. Pale nilipobania pesa ndipo paliponila.

Kwa hiyo, uchague lolote hapa chini, weka pembeni hela ya skrubu za stenlesi na ya maboriti mazuri ya kubebea. Fundi mmoja wa Ngamiani aliniambia, “Bosi, juu weka hata dhahabu. Boriti za chini zikioza, unafumua zote.”

1. Msaji (mtiki)

Hapa Tanga tuna bahati: shamba la miti la Longuza liko Muheza, mlangoni kwetu. Msaji una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi na maji hayauozeshi upesi. Lakini hiyo ni sifa ya kiini. Mti uliovunwa mchanga una mbao nyeupe nyingi pembeni, na hiyo nyeupe huliwa kama mbao nyingine yoyote. Geuza kila ubao kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Gharama inayotajwa sana ni mafuta ya kupaka. Tupige hesabu ya baraza la mita 20 za mraba: lita moja hufunika kama mita 10, mikono miwili ni lita 4. Ukipaka kila mwaka kwa miaka 20, ni lita 80, na siku za fundi juu yake. Hapo ndipo wauza kompoziti, zile mbao za plastiki, wanapokukamata. Wasichokuambia ni kwamba mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni ya kutunza rangi tu. Msaji usiopakwa hugeuka kijivu kama jahazi kuukuu na bado hauozi. Ukikubali kijivu, unabaki na ndoo, brashi na sabuni. Mimi nimekubali.

2. Kompoziti (mbao za plastiki)

Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki. Haipakwi chochote, mchwa hawaigusi, na kwa nyumba ya wageni au mwenye nyumba anayeishi mbali, inaweza kuupiku msaji. Chukua yenye ganda la plastiki pande zote. Isiyo na ganda huota ukungu.

Hasara zake huja baadaye. Jiko la mkaa likidondosha kaa, doa halitoki, maana huwezi kuipiga randa. Ukitaka kubadilisha ubao mmoja baada ya miaka 10, rangi ile huenda isipatikane tena. Hulegea pia kwa joto, hivyo boriti za chini zikae karibu, kama sentimita 40, na ncha za mbao ziachiwe nafasi ya kutanuka. Maboriti mengi zaidi ni hela zaidi. Omba kipande, kiweke juani hadi saa saba mchana, kisha kikanyage peku. Ukiruka, chagua rangi nyepesi.

3. Mvule na mninga

Mvule ni imara kabisa, ila ni ghali, na lazima udai risiti na kibali cha kusafirishia. Mninga peleka sebuleni, kwenye samani.

4. Paini ya dawa

Siku ya kwanza, hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Mara nyingi dawa haifiki katikati ya ubao, na fundi akishakata, ile ncha nyeupe ni mlango wa mchwa. Ukilazimika kuitumia, nunua na kopo la dawa, usimame pale pale mpaka kila ncha iliyokatwa ipakwe kabla haijafungwa.