Gemu ya Bure Iliyonipa Joka la Kweli

Joka la kisiwa cha Crandor, ndani ya gemu ya Old School RuneScape, liliniua mara 3. Mara ya nne, saa 5 usiku, shata ya duka ikiwa imeshuka nusu, lilianguka mimi nikiwa nimebakiwa na kambakoche mmoja tu wa kula nijiponye mkobani. Nilipiga ukelele mpaka mlinzi wa duka la saruji la jirani akaja na tochi kuuliza kama nimevamiwa. Nikamwonyesha simu. Akalitazama lile joka la kijani, lenye pembe-pembe kama limechongwa kwa panga, kisha akaniuliza, "Sasa umelipwa ngapi?"

Sijalipwa kitu, na mpaka usiku ule nilikuwa sijalipa kitu pia. Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu gemu hii.

Mimi ni fundi simu hapa Busia, upande wa Uganda. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, ambako baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho mpira na foleni ya bomba, ingawa siku hizi nusu ya wateja wangu huniongelesha Kisamia. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta gemu ya wachezaji wengi mtandaoni, ya kukuza mhusika wako pole pole, inayokubali simu ya kawaida, na iwe ngumu. Hilo neno la mwisho ndilo lililonisumbua, kwa sababu gemu nyingi za bure ni ngumu kwa namna ambayo sitaki.

Desemba iliyopita mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, kutoka Majanji aliniletea simu yake. "Fundi, mwanangu, simu hii ina mdudu. Inakula pesa yangu ya mobile money." Nikafungua ujumbe wa miamala: 10,000, 5,000, 10,000, tena 10,000, ndani ya siku 4. Mdudu hakuwepo. Kijana wake wa S.2, kidato cha pili, alikuwa ananunua visanduku vya bahati kwenye gemu moja ya mashujaa, ambayo sitaitaja. Namba ya siri aliijua kwa sababu yeye ndiye anayemsaidia mama yake kutuma pesa kwa wavuvi. Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi langu akahesabu kwa vidole ni beseni ngapi za mukene zimeondoka.

Jioni ile niliipakua gemu hiyo nione kuna nini ndani. Siku 2 za kwanza ni tamu kama asali. Mhusika anatembea mwenyewe, anapigana mwenyewe, wewe unabonyeza tu kupokea zawadi. Siku ya tatu unakutana na bosi, yaani adui mkuu, ambaye namba yako ya nguvu haimfikii, na hakuna ujanja wa vidole wala wa kichwa utakaokuvusha. Kuna njia 2 tu, kungoja wiki nzima au kufungua kisanduku. Hicho si kipimo cha mchezaji, ni kizuizi cha ushuru barabarani. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya kulipia vya namna hii ni kamari, na mwaka 2022 gemu za Lost Ark na Diablo Immortal zote hazikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi. Mama wa mukene ulinzi wake ulikuwa namba ya siri ya tarakimu chache.

Ndipo mdogo wangu, anayesoma Kampala, akaniambia nijaribu Old School RuneScape. Ni ya Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza. RuneScape ilianza mwaka 2001. Mwaka 2012 ikawekewa gurudumu la bahati la kuzungusha upate zawadi, na wachezaji wengi wa zamani walikwishaanza kuikumbuka gemu yao ya awali. Februari 2013, kutokana na kura ya wachezaji wenyewe, kampuni ikafufua nakala iliyohifadhiwa tangu 2007, ikaiacha iendelee kukua peke yake. Hadi leo mabadiliko makubwa hupigiwa kura, na pendekezo lisipofikisha asilimia 70 linatupwa. Kwenye simu imekuwepo tangu Oktoba 2018, kwa akaunti ileile ya kompyuta. Mimi nina miezi 8 ndani.

Ugumu wake wa kwanza ni uvumilivu. Kila ujuzi, uwe wa kuvua, kukata miti, kushika upanga au kupiga uchawi, una ngazi 1 hadi 99. Ngazi ya 99 inadai pointi 13,034,431, na ukifika ya 92 ndiyo kwanza uko katikati ya safari. Wengine huona huo ni wazimu. Mimi kazi yangu ni kusubiri gundi ikauke na betri ijae, kwa hiyo kuvua samaki wa Karamja, kisiwa cha humo, huku nikiangalia kioo cha mteja kinashika kunanifaa sana.

Lakini ugumu ninaousifu hasa ni wa lile joka. Kwanza unatakiwa uwe na pointi 32 za kazi ulizokwisha kuwafanyia watu wa nchi ile, ndipo Chama cha Mabingwa kikufungulie mlango. Kisha unatafuta ramani iliyogawanywa vipande 3. Kimoja kiko kwenye nyumba ya mazimwi ya Melzar, ambako kila chumba kina mlango wa rangi yake na funguo unazitoa kwa kuua. Cha pili anacho goblini, zimwi dogo, aliyefungwa jela ya Port Sarim, naye anataka sarafu 10,000. Cha tatu kiko nyuma ya mlango wa uchawi chini ya mlima, na mlango huo haufunguki mpaka uweke mtego wa kambakoche, hariri, bakuli la udongo lisilochomwa na kinywaji cha wachawi. Nani anakuambia? Mwaguzi mmoja juu ya mlima, tena kwa fumbo. Nilikaa na fumbo lile siku 2. Baada ya hapo unanunua meli mbovu kwa sarafu 2,000, unaipigilia mbao na misumari, unaenda kisiwani.

Mara ya kwanza nilikufa kwa sababu nilishika upanga wa mikono miwili, ngao ya kuzuia moto ikabaki mkobani haina kazi. Mara ya pili samaki hawakutosha. Mara ya tatu nilikuwa navyo vyote, ila niliingiwa na hofu nikala samaki kabla sijaumia vya kutosha, wakaisha mapema. Kila kifo kilinifundisha kitu ambacho ningeweza kukirekebisha mwenyewe. Hakuna mara hata moja gemu iliponiambia lipa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa huku tunapaswa kulijua. Gemu hii haipokei amri zako papo kwa papo. Inazihesabu kwa mpigo, kama wa saa, mmoja kila sekunde 0.6. Ujumbe kutoka simu yangu hadi seva ya Uingereza na kurudi huchukua robo ya sekunde hivi mtandao ukiwa mzuri. Kwenye gemu za kukwepa kwa haraka, robo hiyo ni kifo. Hapa inamezwa ndani ya mpigo, na mtu wa Busia anapigana karibu sawa na mtu wa London. Nina laini 2, ya Uganda na ya Kenya, kwa sababu minara ya ng'ambo inafika hadi mtaani kwetu. Moja ikilegea nahamia nyingine, narudi ndani ya gemu kabla moto niliouwasha humo wa kupikia haujazimika. Na inakula megabaiti chache tu kwa saa.

Sasa suala la bure. Usidanganyike kwamba unapewa yote. Asiyelipa anapata aina 15 za ujuzi, sehemu ndogo ya ramani, na mabosi wachache kama Obor, lile jitu la chini ya Edgeville. Kilimo, uwindaji, wizi, ujenzi wa nyumba na sehemu kubwa ya dunia ni za wanachama wanaolipa kwa mwezi. Mimi naona huo ni mpango wa heshima. Ni kama mwenye hoteli anayekupa chai na chapati bure, na bei ya pilau imeandikwa ukutani. Ukuta unauona tangu siku ya kwanza.

Mdogo wangu hakubaliani nami, na tumebishana usiku mwingi kwa simu. Hoja yake ni bondi. Bondi ni kitu unachokinunua kwa pesa halisi, kisha unaweza kukiuza sokoni ndani ya gemu kwa sarafu za huko. Atakayekinunua kwa sarafu anapata siku 14 za uanachama bila kutoa pesa yake.

"Kaka, unajidanganya," akaniambia. "Tajiri ananunua bondi 10, anaziuza, anavaa silaha nzuri kuliko zako. Huko si kununua ushindi?"

Nilimjibu kwamba silaha inanunuliwa lakini ngazi ya kuishika hainunuliwi. Deraya ya kifuani ya runi, aina ya chuma cha humo, inataka ulinzi ngazi ya 40, na huruhusiwi kuivaa mpaka uwe umeua lile joka wewe mwenyewe. Hata mwenye maghorofa atavuka kwenda Crandor na ngao yake mkononi. Na bondi ileile inamlipia uanachama mtu asiye na kadi ya benki, akiwa na subira, kwa sababu bei yake sokoni ni mamilioni ya sarafu. Lakini alinibana mahali pamoja nikakubali: mwenye dola anaruka wiki za kuvua na kuchimba ambazo mimi nimezitumikia. Hilo linaniuma kidogo, sitakataa.

Yeye moyo wake uko kwenye gemu nyingine, Albion Online, ya Sandbox Interactive ya Berlin. Ilitoka 2017 ikiwa ya kununua, ikawa bure Aprili 2019, ikaja kwenye simu 2021, na tangu 2024 ina seva ya Ulaya, ambayo kwetu iko karibu kuliko ile ya Marekani. Huko karibu kila upanga na kila buti vimetengenezwa na mchezaji fulani. Ukiuawa eneo jekundu au jeusi, yale ya hatari, aliyekuua anachukua ulichovaa. Mdogo wangu anasema pesa huko haina kiburi, kwani aliyenunua dhahabu ya humo kwa pesa halisi akavaa vya bei kubwa ni windo tu, na watu 5 wenye vifaa vya kawaida wanaojuana watamvua. Ni hoja nzuri kuliko nilivyotaka kuikiri. Nilicheza nao miezi 2. Kinachonishinda ni kwamba huko mpweke hana pake. Unahitaji chama, unahitaji watu wanaoitana saa 3 usiku kila siku, na mimi saa hiyo naweza kuwa na mteja analia simu imeanguka kwenye beseni la maji. Mwenye marafiki 6 waaminifu aende Albion bila kusita.

Kasoro za Old School nazitaja pia. Seva za wasiolipa zimejaa roboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu, zinazokata miti usiku na mchana, na matangazo ya ulaghai kwenye mazungumzo hayaishi. Usimwamini yeyote anayesema atakurudishia sarafu mara mbili. Akaunti mpya ya bure imefungwa kwenye mambo ya biashara mpaka ufikishe saa 20 za kucheza, pointi 10 za kazi na jumla ya ngazi 100. Naelewa ni kwa ajili ya hao roboti, ila mgeni atachoka. Vitufe ni vidogo kwa kidole cha fundi. Kiswahili hakimo kabisa, na mafumbo yake yanataka Kiingereza cha kutosha.

Na kwetu Uganda hakuna gemu ya bure moja kwa moja. Tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua lina kodi ya asilimia 12, baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Ndiyo maana nathamini gemu inayokula data kidogo kuliko inayojiita ya bure kwa herufi kubwa.

Baada ya joka nililipa mwezi mmoja wa uanachama, kwa hiari, kama mtu anayelipa baada ya kushiba. Yule kijana wa S.2 nilimwekea Old School mwenyewe, mama yake akiwa amesimama hapo na namba ya siri mpya. Wiki iliyopita alikuja kuniuliza jinsi ya kumfikia yule goblini wa jela. Nilimwelekeza, nikamwambia pia nitakachokuambia wewe: usinunue chochote mpaka uwe umeua joka. Ngao ya moto haina bei. Ukishaanza kazi ya joka, panda ghorofa ya kwanza ya jumba la mji wa Lumbridge, mwombe mtawala wake, Duke Horacio, atakupa.