Muuzaji wa picha za kale aliyekubali kugeuza ubao

Kazi yangu ni kutengeneza fremu, na kabla ya hapo nilijifunza kuchonga milango kwa mjomba wangu, Lamu. Kwa hiyo nikiingia penye picha za kale, jicho langu hutafuta mbao kwanza. Mwezi Machi nilikwenda TEFAF, maonyesho ya wauza sanaa yanayofanyika Maastricht, kusini mwa Uholanzi, tangu 1988. Saa nzima niliimalizia kwenye banda moja dogo la picha za karne ya 17.

Kuta zilipakwa kijani kilichokolea, picha 11 tu, kila moja imeachiwa nafasi ya kupumua. Taa ziliwekwa vizuri, isipokuwa karibu na mlango, ambako vanishi ya picha moja ilimeta hadi ikanibidi nisimame upande ndipo niione sura ya mtu aliyechorwa.

Kilichonivuta ni kipicha cha makombe ya bahari juu ya meza ya jiwe. Katikati imekaa kauri kubwa yenye madoadoa, kama zile tulizookota utotoni maji yakitoka. Kibandiko kilisema: mfuasi wa Balthasar van der Ast. Van der Ast, mchoraji wa Kiholanzi, alizaliwa Middelburg, bandari iliyokuwa na tawi la Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa 1602. Meli zilizofuata viungo zilirudi pia na makombe ya Bahari ya Hindi, na matajiri wakayanunua kama vito. Nilisimama pale nikahisi nimekutana na mtu wa kwetu.

Hilo neno "mfuasi" lina uzito. Jina la mchoraji likiandikwa peke yake, muuzaji anadai ni mkono wake mwenyewe. "Karakana ya" ni wasaidizi waliofanya kazi chini yake. Mfuasi ni mtu mwingine aliyeshika namna yake, na hapo bei huporomoka. Najua wataalamu hukagua kila kitu kabla ya maonyesho kufunguliwa, lakini bwana mwenye banda alinieleza kabla sijauliza: vivuli ni vizito mno, van der Ast hakuwa hivyo.

Nikaomba kuona nyuma. Wengi hukunja uso ukiwaomba hilo. Yeye alivaa glavu, akaishusha, akailaza kifudifudi juu ya kitambaa. Mwaloni, mbao mbili zilizoungwa, kingo zimepunguzwa kwa mshazari ziingie kwenye fremu, na mikwaruzo ya chombo cha fundi bado ipo! Mjomba angeipapasa mchana kutwa. Pete za mti zilikuwa zimehesabiwa, naye akafafanua kwamba zinaonyesha tu mti haukukatwa kabla ya mwaka fulani, hazisemi picha ilichorwa lini. Kisha akawasha taa ya urujuanimno. Vanishi kuukuu ikang'aa kijani, na mstari mweusi ukaufuata muungo wa mbao: hapo rangi imepakwa upya. Alinionyesha mwenyewe kwa kidole.

Sikukubaliana naye juu ya picha ya pili, mandhari ya mto. Historia ya umiliki wake iliruka kutoka 1931 hadi 1954, na katikati ndiyo miaka ambayo Wanazi waliwapora Wayahudi mali zao. Akasema imetafutwa kwenye daftari la kazi zilizoibwa, haikuonekana. Hilo halinitoshi. Familia iliyouawa yote haina wa kwenda kuandikisha chochote. Nilimwambia picha ile haikupaswa kutundikwa kabla pengo halijajazwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema utafiti unaendelea, lakini picha ilibaki ukutani.

Bei nazo hazikuandikwa. Ukienda, uliza tu, usiogope. Nilipouliza ya kauri alinitajia papo hapo, bila kunitazama viatu, kisha akataka kujua kombe lile kwetu tunaliitaje. Nikamwambia, akalirudia mara mbili mpaka akalitamka sawasawa.