Waliniambia mshale usivuke 2,000, kilima wakakiacha bila jibu

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka pikapu yangu katika gereji moja hapa Dodoma, kwa kuwa walijitangaza kwamba wanaweza kumwonyesha dereva mzunguko wa injini unaokula mafuta kidogo kuliko yote. Mimi husafirisha alizeti kutoka Kibaigwa, na petroli ilikuwa ikimaliza faida. Waliniuzia kifaa cha kuonyesha unywaji wa mafuta, wakakichomeka chini ya usukani, wakapiga resi gari likiwa limesimama, kisha fundi akakata shauri: mshale wa mizunguko ya injini usivuke 2,000 kwa dakika, popote pale.

Nikamuuliza, "Na kwenye kilima, nikiwa na mzigo?" Hakunijibu. Alimgeukia mpwa wangu, kijana ambaye hata leseni hana, akamwambia, "Mwambie mama aendeshe tu, habari za injini atuachie sisi." Gari ni langu, fedha ni zangu, na swali lilikuwa langu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliwatii. Katika vilima vya kuelekea Gairo, magunia yakiwa nyuma, nililibana gari katika gia ya tano huku nimekanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikaanza kugonga na kutetemeka, na kifaa kikaonyesha unywaji mkubwa kuliko niliporudi gia ya tatu na mshale ukapanda karibu 2,800. Injini isiyovuta kitu haiwezi kueleza itakavyofanya ikivuta gunia, mlima na upepo, na upepo wenyewe si mdogo, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne.

Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho. Katika tambarare za Chamwino, gia ya tano, kilomita 70 hivi kwa saa, unywaji ulikuwa wa chini kabisa mshale ukiwa karibu na 2,000, kwa hiyo nakiri kwamba namba yao ina ukweli wake mahali hapo. Nilijifunza pia kwamba kwenye mteremko, nikiacha gia ndani na kuondoa mguu, mafuta hukatika kabisa, ilhali nyutro niliyoizoea miaka yote huendelea kuyachoma.

Hayo yote niliyagundua mwenyewe barabarani, baada ya kuwalipa wao wanifundishe. Nilikusudia kuwapa alama tatu kwa ajili ya kifaa, lakini kila nikikumbuka mgongo wa yule fundi, nashindwa kuvuka moja. Nitaibadilisha siku atakaponijibu swali la kilima, tena anijibu mimi, si mpwa wangu.