Nyumba ya Bayleaf: fremu ya mwaloni inayofunguka kama kitanda

Katika kijiji cha Singleton, kaskazini ya mji wa Chichester kusini mwa Uingereza, yako makumbusho ya Weald and Downland, ambayo kwenye ekari 40 za bonde na kilima yamekusanya zaidi ya majengo 50 ya kale yaliyookolewa yasibomolewe. Mimi nilikwenda kwa ajili ya nyumba moja tu, Bayleaf, pamoja na ghala na bustani yake. Ratiba ya basi niliisoma vibaya, nikafika saa sita mchana badala ya saa nne asubuhi, na muda uliobaki niliutumia wote hapo bila kujuta.

Bayleaf ni nyumba ya mkulima mwenye nafasi, wala si kasri la bwana. Sebule na upande wake wa stoo vilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15, kati ya 1405 na 1430 kwa hesabu ya pete za miti yake. Upande wa pili ni wa mwanzoni mwa karne ya 16. Ilikuwa Chiddingstone, katika jimbo la Kent, mpaka bonde lake lilipotakiwa kwa hifadhi ya maji ya Bough Beech. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafunguliwa kipande kwa kipande, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikasimama tena Singleton.

Nimetumia neno "ikafunguliwa" kwa makusudi, kwa sababu nyumba hii imeundwa kama kitanda cha matendegu na mifumbati. Nguzo za mwaloni zimetobolewa matundu, boriti zimechongwa ndimi, kila ulimi umeingia katika tundu lake, na kiungio kimefungwa kwa kigingi cha mti kilichopigiliwa kukatisha ulimi. Maseremala wa zama hizo waliuchonga mwaloni ukingali mbichi, wakaipanga fremu chini uwanjani, wakatia alama kila kiungio, wakaifungua, wakaibeba na kuisimamisha mahali pake. Mti ulipokauka ulijipinda na kuzidi kushika. Kwa hiyo mafundi wa karne ya 20 walioihamisha hawakuifanyia jambo geni; walirudia kinyumenyume kazi ambayo wenzao walikwisha kuifanya.

Msomaji aliyekulia katika nyumba ya kukandika atazitambua kuta mara moja: fito zilizosukwa kati ya nguzo, udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha chokaa. Tofauti iko chini. Nguzo zetu tunazichimbia ardhini, na mchwa huanza kazi yake siku hiyohiyo. Hapa nguzo zimekaa juu ya boriti ya mwaloni iliyolazwa juu ya msingi wa mawe, na udongo kazi yake ni kuziba upepo tu. Ungeubomoa wote, paa lisingetikisika.

Ukiitazama kwa mbele, vyumba vya juu vya ncha mbili vimechomoza kupita ukuta wa chini, na sebule ya katikati imeingia ndani kidogo, ilhali paa la vigae ni moja na linakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana ukingo wa paa, mbele ya sebule, unaning'inia mbali na ukuta na kushikwa na mihimili iliyopinda. Umbo hilo ndilo linaloitambulisha aina hii ya nyumba, ambayo imeenea zaidi Kent na Sussex.

Sebule yenyewe haina dari. Moto unawaka katikati ya sakafu, bila dohani, na moshi unapanda hadi kwenye kenchi, unatanda huko juu, kisha unajipenyeza nje taratibu kupitia mianya ya paa. Madirisha ni marefu na hayana kioo, bali nondo za mbao, na mbao za kufunga kwa ndani. Nilikaa kwenye benchi kama nusu saa, na nilichogundua ni kwamba moshi ulikuwa juu ya kichwa changu, haukunifikia machoni mpaka niliposimama. Urefu ule wa sebule, ambao nilidhani ni wa fahari peke yake, kumbe ni chombo cha kumwezesha mtu kuketi na kupumua. Gharama yake ni kwamba vyumba vya juu vya ncha mbili havikutani: anayetaka kutoka kimoja kwenda kingine hana budi kushuka, kukatiza sebule na kupanda ngazi nyingine. Katika chumba kikubwa cha juu kuna choo cha mbao kilichochomozwa nje ya ukuta, na kilichomo kinaanguka shimoni chini. Jirani aliyepita chini yake bila kuangalia juu alikuwa na ujasiri.

Nina shaka mbili, na zote ni za maamuzi, si za huduma. Ya kwanza ni kwamba nyumba imerudishwa katika hali ya mnamo 1540, na ili kufika huko dohani na dari ya karne zilizofuata zimeondolewa. Sebule tumeipata, lakini karne kadhaa za watu walioishi humo zimefutwa ukutani. Ya pili, ghala lililo jirani ni la Cowfold, Sussex, lililojengwa karibu na 1536. Kwa hiyo boma hili, pamoja na ua wake na bustani ya vitunguu na kabichi, limeungwa kutoka sehemu mbalimbali na halikupata kuwepo hivi. Fanicha nazo ni nakala, ingawa zimechongwa vizuri na kwa mkono.

Hata hivyo ghala ndilo lililonishinda kuondoka. Milango mikubwa iko katikati, na kati yake ni sakafu ya kupuria: nafaka ilipigwa hapo, upepo ukapita na kubeba makapi, na pande mbili zikahifadhi mavuno. Mahali pengine katika makumbusho utaona maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya mawe yenye umbo la uyoga, ambayo panya hupanda mpaka chini ya kofia ya jiwe na kukwama.

Ngazi za Bayleaf ni kali, na mwanga wa ndani ni hafifu, jambo la kuzingatia ukiwa na mzee. Nami nashauri mgeni aanzie ghalani, si nyumbani, kwa kuwa ghalani hakuna moto wala vitanda vya kumshughulisha, na kila nguzo, kila ulimi na kila kigingi viko wazi usawa wa macho.