Dola 487 za chuo kutoka kwenye risiti zangu

Usiku mmoja wa Agosti 2021, wakati wa mapumziko ya shifti, shoga yangu ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Columbus, Ohio, alinisogezea simu yake. Kwenye kioo, ndani ya programu inayokurudishia asilimia ndogo ya manunuzi iwe akiba ya chuo, palikuwa na jina la mwanawe na chini yake dola 213. "Hizi sikuweka mimi," akasema. "Zimetoka kwenye manunuzi." Mimi ni mtu wa Mombasa. Nikiambiwa kuna pesa za bure, kwanza nashika mkoba wangu.

Hofu hiyo nimeirithi. Mamangu alikusanya pointi za supamaketi moja kule nyumbani kwa miaka, akihesabu siku zitakapomtolea friji. Supamaketi ikafilisika, ikafunga milango, na pointi zikaenda nayo. Kadi yake ingali jikoni mpaka leo. Anaitumia kukwangua unga kwenye kibao cha chapati.

Hata hivyo nilijiunga, kwa sababu binti yangu alikuwa anaingia darasa la kwanza na kila mwaka nilikuwa nasema mwakani nitamfungulia akaunti ya chuo. Naandika haya Disemba 2024. Nimeyaona mazuri yake na visa vyake, na kwa kuwa wengi wetu huku Marekani huulizana habari hizi harusini na misibani bila kupata jibu kamili, naandika nilichokiona. Jina la programu ninayotumia nitaliweka kando, maana nina kesi nao ambayo haijaisha. Programu hizi zenyewe zinafanana kama mahamri ya sinia moja.

Wazo lenyewe si geni. Upromise, ndiyo inayojulikana zaidi, ilianza kazi 2001: unanunua kwenye maduka yaliyo na mkataba nao, asilimia ndogo inarudi na kuwekwa kwa ajili ya chuo cha mtoto. Mwaka 2006 ikanunuliwa na Sallie Mae, kampuni ya mikopo ya wanafunzi. Kila nikilifikiria hilo nacheka: anayekukopesha ada ndiye huyo huyo anayekuwekea kibubu. Tangu 2020 iko mikononi mwa Prodege, kampuni yenye Swagbucks, programu nyingine ya kukusanya pointi. Rakuten, iliyokuwa ikiitwa Ebates, inafanya kazi hiyo hiyo ya kurudisha asilimia, ila wao wanakupa pesa zako, ukazipeleke chuoni au ukazinunulie pilau ni shauri yako.

Hakuna sadaka hapo. Duka linailipa programu kamisheni kwa kukuleta, programu inachukua chake na kukugawia kilichobaki. Ukilielewa hilo hutashangaa kwa nini wanataka lazima upite mlangoni kwao kwanza: ufungue programu, ubonyeze ofa, ndipo upelekwe dukani. Ukienda dukani moja kwa moja, hata ukinunua vitu vya dola elfu, hupati senti.

Kwenye vyakula mambo ni tofauti kidogo. Unaunganisha kadi yako ya supamaketi au unapiga picha risiti. Wiki ya kwanza nilikaa mezani saa nne za usiku na risiti yenye urefu wa mkono wangu, imeingia mafuta ya samaki katikati, naipiga picha vipande vipande na simu inanijibu kila mara kwamba maandishi hayasomeki. Mara ya tano ikakubali. Nikapata senti 35, za sabuni ya vyombo.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo sijawahi kuliona likisemwa na hao wanaozisifu programu hizi: hazikutengenezwa kwa jiko letu. Ofa ni za nafaka za kiamshakinywa, chipsi, pizza ya friza, chakula cha mbwa. Sina mbwa. Nusu ya chakula cha nyumba hii natoa kwenye duka la Msomali karibu na Cleveland Avenue: mchele wa gunia, nyama ya halali, tui la kopo, ndizi mbichi, iliki. Pale risiti yenyewe huipati mpaka uiombe. Kwa miaka hii mitatu na miezi minne, chakula chote kimeniletea dola 96. Jirani yangu Mmarekani anayenunua kila kitu sehemu moja ana mara tatu ya hizo.

Pesa zilikuwa kwenye mtandao. Viatu na nguo za shule, mabegi, vitu vya sikukuu: kama dola 190. Hoteli ya siku tatu Washington tulipokwenda kwenye harusi iliniletea 41 kwa mpigo mmoja, nikajiona mjanja wa mji. Na 160 zilizobaki? Bonasi za kujiunga na za kuwaleta wenzangu wanne. Yaani theluthi moja ya "akiba" yangu si ya manunuzi kabisa, ni malipo ya kupiga debe, na wenzangu wa kuleta wamekwisha. Ukionyeshwa salio la mtu, muulize kwanza ngapi ni za bonasi. Shoga yangu nilipomuuliza baadaye alikiri kwamba karibu nusu ya zile 213 zake zilikuwa hizo, na mimi mwenyewe nilikuwemo.

Sasa ile kesi. Novemba 2023 nilijinunulia laptopu ya masomo, dola 640, ofa ya asilimia 5. Nilipita mlangoni kwao kama inavyotakiwa, nikaweka laptopu kwenye kikapu, kisha kabla ya kulipa nikafungua tovuti nyingine kutafuta kuponi. Nikaipata, ikanipunguzia dola 10. Nikalala na furaha. Zile dola 32 hazikutokea. Baada ya imeili tatu nikajibiwa kwamba ununuzi wangu "hauonekani". Nilichokuja kuelewa ni kwamba tovuti ya kuponi nayo inalipwa kamisheni, na duka hulihesabu bonyezo la mwisho. Kwa hiyo dola 10 zilikula 32. Nimewatumia picha ya ofa, namba ya oda, risiti. Walifunga kesi, nikaifungua tena, wakaifunga, nimeifungua tena mwezi uliopita. Tangu siku ile nafungua dirisha jipya la brauza, nabonyeza ofa, nanunua, nalipa, sigusi kitu kingine. Kama unaswali, swali kwanza.

Hata mambo yakienda sawa, pesa hukaa kwenye "inasubiri" mwezi mmoja hadi mitatu, mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite. Ukirudisha kiatu, asilimia yake inafutwa. Kodi na nauli ya mzigo hazihesabiwi.

Kisa cha kikaangio cha hewa nilitaka kukificha, ila mume wangu angekisema kwenye maoni. Ofa ilikuwa asilimia 10, mwisho wake usiku ule. Nikanunua kwa dola 119. Tuna jiko, tuna oveni, tuna karai. Viazi karai vya kwenye kile kidude vinatoka vikavu kama vimefunga Ramadhani. Mume wangu aliniangalia akasema, "Umetoa mia na kumi na tisa ili mtoto apate kumi na mbili." Sikuwa na la kujibu. Ofa imeandikwa "chuo" juu yake, na mzazi ukiona neno hilo mkono unafunguka wenyewe.

Sasa pesa zinakwenda wapi. Programu yangu inakuruhusu kuunganisha akaunti ya 529, yaani akaunti ya akiba ya masomo, iliyopewa jina kutokana na kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani cha 1996. Akaunti hizi husimamiwa na majimbo; ya Ohio inaitwa CollegeAdvantage na unaweza kuanza na dola 25. Pesa zinawekezwa, na faida haikatwi kodi ya serikali kuu ikitumika kwa ada, vitabu, na malazi ya mwanafunzi. Ukizitoa kwa jambo lisiloruhusiwa, ile faida inatozwa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10. Mtoto akikataa chuo, unambadilishia ndugu yake. Huhitaji kuwa raia; mwenye akaunti na mtoto wanahitaji namba ya Social Security au namba ya mlipa kodi. Kwa sisi wa Ohio, unachoweka kinapunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya jimbo, hadi dola 4,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Na kama unaogopa kwamba akiba itamnyima mtoto msaada wa masomo: akaunti ikiwa kwa jina la mzazi, wanaopima msaada huo huhesabu asilimia 5.64 tu ya salio, kwa juu kabisa, kuwa pesa mnazoweza kulipia chuo.

Si benki, lakini. Mwaka 2022 masoko yaliposhuka, salio langu lilishuka nalo, na nilikaa na kinyongo wiki nzima kwa sababu ya dola 14.

Pointi zilizo ndani ya programu si pesa zako bado. Ni ahadi, kama za friji ya mamangu. Programu yangu haihamishi mpaka zifike dola 50, na akaunti ikilala mwaka mzima bila kuguswa wana haki ya kuifuta. Limeandikwa kwenye masharti, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Kwa hiyo kila zikifika 50 nahamisha siku hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja aliziacha zikue "ziwe nyingi kwanza". Nimemwambia basi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha chuo hapa ni pipa. Ada ya mwaka mmoja kwa mkaazi wa Ohio pale Ohio State inazidi dola 12,000. Dola 487 nilizokusanya kwa miaka mitatu na ushei zinamsomesha binti yangu wiki moja na siku chache. Kilichonisaidia kweli ni kwamba ili nipokee zile senti 35 ilibidi nifungue akaunti, na nilipoifungua nikaweka agizo la dola 25 kila mwezi zikatwe benki siku moja baada ya mshahara. Hizo peke yake zimefika 1,000. Baba mdogo wa binti yangu hutuma zawadi ya Idi humo humo, hana haja ya kutafuta sanduku la doli. Agizo hilo lilinichukua dakika kumi kuliweka, na halikuniuzia kikaangio.

Kuhusu kadi za mkopo: zipo zinazopeleka marejesho moja kwa moja kwenye 529, kama ile ya Fidelity, kampuni ya uwekezaji, inayotoa asilimia 2. Asilimia 2 kwenye kila kitu, hata kwa Msomali kama anapokea kadi, inashinda mambo yote ya kubonyeza ofa. Lakini ni kwa anayelipa deni lote kila mwezi. Mimi nilikuwa na deni lenye riba ya zaidi ya asilimia 20 mpaka mwaka jana, na mwenye deni hilo akiniambia anakusanya asilimia 2 nitamcheka usoni. Niliombea kadi hiyo baada ya kumaliza deni. Bado sijajibiwa.

Jambo jingine, fupi: wanajua kila unachonunua. Dawa ya fangasi, vipimo vya mimba, kila kitu. Mimi nimeondoa kadi ya duka la dawa.

Nyota: tatu kati ya tano. Ingekuwa tatu na nusu kama ningekuwa na dola 32 zangu.

Mamangu nikimpigia huuliza jambo moja tu: hilo duka lako bado liko wazi? Namwambia pesa haziko dukani, mama, nimeshazitoa, ziko kwenye mfuko wa jimbo kwa jina la mjukuu wako. Hunyamaza kidogo. "Haya," husema. "Lakini chukua karatasi yake." Juzi nimechapisha taarifa ya Novemba kazini, nikaipiga picha nikamtumia kwa WhatsApp. Amejibu kwa kuuliza kwa nini jina la mtoto limekosewa herufi moja. Nimeangalia. Ni kweli, limekosewa, na Jumatatu nina simu ya kupiga.